Unakuja UK? Anza na Kiingereza cha kwa daktari

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena, leo naenda moja kwa moja. Wengi mnaniuliza inboksi eti dada kabla sijaja huku nijifunze Kiingereza gani, na mimi jibu langu ni lile lile, anza na Kiingereza cha kuumwa. Cha dukani kitakuja chenyewe, kitu unakiona, bei imeandikwa, unagusisha kadi unaondoka hata hujafungua mdomo. Lakini mtoto anachemka usiku au mama mjamzito tumbo linamkaza, hapo huna cha kuonyesha kwa kidole, inabidi uongee, na mara nyingi ni kwa simu.

Na siyo kwamba hatukusoma. Sisi wa Tanzania sekondari yote tumesoma kwa Kiingereza, fotosinthesisi tunaieleza vizuri tu, ila nani alitufundisha kusema tumbo linaninyonga?

Chukua hii "sick". Kwetu ukisema "I am sick" umemaliza, unaumwa. Huku "I feel sick" wanaelewa una kichefuchefu, na "I've been sick" umetapika, kwa hiyo mtu kichwa kinamuuma anaanza kuulizwa umetapika mara ngapi, na yeye anajibu yes yes tu, daktari anaandika. Sema "I'm not feeling well", halafu taja panapouma. Mtoto wanasema "he's poorly". Wakikuuliza "has he got a temperature?" wanauliza ana homa, basi, usianze kutafuta namba kama hujampima.

Neno lingine linalotisha watu ni "surgery". Shuleni tuliambiwa upasuaji, sasa mtu wa mapokezi anakwambia "come down to the surgery at half four", roho inaruka. Huku surgery ni pale kwenye kliniki ya GP, daktari wako wa mtaani, hakuna anayekupasua. Na hiyo "half four" ni saa kumi na nusu jioni, siyo saa tisa na nusu, hapo watu wengi wanapoteza apointimenti.

Kwenye simu kabla hawajakusikiliza watataka tarehe ya kuzaliwa, mstari wa kwanza wa anwani na postikodi. Fanya mazoezi ya kutaja herufi zako kwa sauti, hasa A, E na I maana sisi tunazichanganya sana, E yao ni i yetu. Namba za simu nazo sifuri wanaiita "oh", na nne mbili zikifuatana ni "double four".

Ukifika ndani sasa, utasikia "pop" kila dakika, pop your coat off, pop up on the bed, ni upole wao tu, vua koti, panda kitandani. Nesi akisema "sharp scratch" sindano inaingia, tulia. Wakiuliza "have you opened your bowels?" ni umepata choo, na "passing water" ni kukojoa. Hayo kwenye kamusi utayahangaikia mpaka basi, na wazee wetu wanaokuja kutembelea watoto ndio wanaulizwa sana, kwa hiyo nawaombeni mkae nao muwafundishe kabisa kabla.

Namba mbili ziwe kichwani. 999 ni dharura, mtu hapumui, kazimia, damu haikatiki. 111 ni pale unaumwa, unahitaji msaada haraka lakini siyo hali ya kufa na kupona, na ni bure kupiga.

Na hili naomba mnisikilize vizuri kina mama. Ukiona Kiingereza hakitoshi usimbebe mtoto wako wa darasa la nne akutafsirie. Mtoto hawezi kumwambia daktari mama anatokwa damu, na wewe mbele yake utaficha, na ukificha daktari anatibu kitu kingine. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, ina wakalimani, hulipi hata senti, Kiswahili wanacho. Siku unayobuku apointimenti sema "I need a Swahili interpreter, please", na kama unataka mwanamke ongeza "a woman, please", usisubiri mpaka umeshakaa mbele ya daktari maana mkalimani lazima apangwe mapema.