Misuli Yako Ndiyo Mota: Kuuzuia Mkono Mbele ya Ukuta Usiokuwepo

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tuanze kwa zoezi. Weka kiganja kwenye mgongo wa kiti kilicho mbele yako, kama mwenyewe hana neno, kisha sukuma. Kwa mkono wa pili, shika juu ya kiwiko cha mkono unaosukuma. Umeona? Msuli wa nyuma umekaza, wa mbele umelegea. Kumbukeni hilo.

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha dunia ya kompyuta kana kwamba uko ndani yake, unaona ukuta, unanyosha mkono, mkono unapita. Glovu za kutetema zitakujulisha kwamba umegusa, lakini hazikuzuii. Kuzuia kunataka nguvu, na nguvu kwa kawaida hutoka kwenye mota na vyuma vya kufungwa mwilini. Nani atayavaa hayo sebuleni kwake?

Watafiti Pedro Lopes, Patrick Baudisch na wenzao wa Hasso Plattner Institute, taasisi ya kompyuta kule Potsdam, Ujerumani, wakaona mota za nini na mtu ana misuli yake? Wakaamua kuiamsha kwa umeme. Umeme wenyewe haukuwa mgeni: mwaka 1961 daktari Liberson alikwisha eleza jinsi ya kuutumia kuinua unyayo wa mgonjwa wa kiharusi anapotembea. Elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, hubandikwa juu ya ngozi, mapigo mafupi ya umeme huamsha mishipa ya fahamu, na msuli hujikunja bila kungoja amri ya ubongo.

Mwaka 2015 walitoa Impacto, kifaa cha kuigiza pigo la ngumi. Kidude kidogo hugonga ngozi, papo hapo umeme huurusha mkono. Kugongwa huko peke yake ni hafifu, lakini kukiungana na ule mrusho, mtu anahisi kapigwa. Mimi naipenda sana kazi hii kwa sababu imegawa kazi vizuri: ngozi ipewe yake, msuli upewe wake.

Ukuta ndio kazi ngumu, na mwaka 2017 waliukabili. Mtu akisukuma, mfumo unachochea misuli ya bega, mkono na kifundo cha mkono ili mkono urudi nyuma. Sasa rudini kwenye kile kiti. Ukuta wa kweli hukaza msuli wa nyuma. Huu wa umeme unakaza wa mbele. Kwa hiyo ukiongeza umeme hupati ukuta mgumu zaidi, unapata mkono unaovutwa zaidi, na mwenye mkono anajua.

Walichofanya ni kubadilisha kile ambacho macho yanaona. Katika mtindo mmoja kitu kinakurudisha kwa pigo fupi, na machoni kinaonekana kama uga wa umeme, yaani eneo lenye nguvu ya umeme. Katika mwingine kinakuzuia kwa ulaini, na kinaonekana kama uga wa sumaku. Waliojaribu waliipa mitindo yote miwili alama za juu, kwa kuzuia na hata kwa uhalisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ujanja: macho yanapewa sababu inayolingana na kile msuli unachokihisi.

Kasoro zipo. Msuli unaochochewa kwa umeme huchoka upesi kuliko unaojikunja kwa hiari, ngozi huwa kama inatembewa na sisimizi, na kipimo kinachomfaa huyu kitamuumiza yule, hivyo kila mtu lazima apimwe upya.

Kifaa kiko mezani. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwenye kifafa na mjamzito, tafadhali msijaribu. Wengine kunjeni mikono ya mashati. Tutaanza na kipimo cha chini kabisa, na kitufe cha kuzima utakishika wewe mwenyewe.