Muuza Panga Siyo Rafiki Yako: Kununua Vitu Kwenye Gemu za Majoka

NEEMA: Haya mbukwenyi wasikilizaji, tupo Nkuhungu kama kawaida na upepo wa leo mnausikia wenyewe, dirisha likigonga msishtuke ni Dodoma hiyo.

HAMISI: Na mkisikia mtu anatafuna ni Neema na zabibu zake.

NEEMA: Za Makutupora hizi, niache. Leo tunaongelea madukani kwenye gemu maana meseji zimekuwa nyingi zinauliza kitu kilekile, mtu kaingia mji mpya, ana visenti vyake, muuza silaha anamuonyesha upanga unang'aa, achukue au aache?

HAMISI: Aache. Tumemaliza, kwaherini.

NEEMA: Wewe kaka, elezea bwana!

HAMISI: Sawa sikia, tuanzie kwa babu yao wote, Dragon Quest ya kwanza ile ya 1986. Mfalme anakutuma ukamshughulikie mbaya wa nchi nzima halafu mfukoni anakutilia sarafu 120. Mia na ishirini! Unaenda dukani upanga wa shaba ni 180, kwa hiyo tayari umeshakosa. Rungu 60, nguo za kawaida 20, dawa ya majani moja 24. Ukichukua vyote vitatu ni 104, umebaki na 16 mkononi.

NEEMA: Hapo mtu anamalizia zile 16 kwenye mienge, mwenge mmoja si 8.

HAMISI: Na ndo kosa lenyewe, maana gesti ya pale mjini kulala ni 6 tu na ukiamka damu imejaa na uchawi umerudi. Yani bei ya dawa moja unalala mara nne. Kwa hiyo ukiwa unapigana hapa karibu na mji dawa ya nini? Piga vile vidude vya buluu, ukiona damu inashuka rudi ukalale. Dawa inaanza kuwa na kazi pale unapoenda mbali ambako kurudi huwezi, na hela yako ya gesti iwe inabaki siku zote.

NEEMA: Hapo nakubali ila kuna kitu umekiruka. Lile duka ukimuuzia rungu lako anakupa nusu bei. Umenunua 60 unarudishiwa 30, baadaye unapanda upanga wa shaba, unauza tena nusu, ukifika kwenye silaha ya maana ushaliwa njia nzima. Mimi naona mtu aruke ngazi, anunue moja akae nayo.

HAMISI: Dada yangu, bila rungu unapigana na ngumi, utachukua karne kuipata hiyo 180.

NEEMA: Nunua kijiti cha mwanzi, ni 10.

HAMISI: Kijiti? Haya, wasikilizaji mtaamua wenyewe huko.

NEEMA: Twende kwenye gemu kubwa za sasa hivi maana huko shida imegeuka, hela ipo, shida ni mzigo. Skyrim ya 2011, unaanza na uwezo wa kubeba 300. Umeua joka, mfupa mmoja wa joka una uzito wa 15 na thamani yake imeandikwa 500, watu wanabeba yote wanatembea kama konokono hadi mji wa Whiterun halafu yule mwenye duka la mchanganyiko ana sarafu 750 basi.

HAMISI: Unafika soko la Majengo asubuhi na noti ya elfu kumi unataka nyanya za mia tano, anakwambia sina chenji.

NEEMA: Hahaha ndo hapohapo! Sasa watu wanafanya nini, wanasubiri siku mbili za ndani ya gemu, masaa 48, hela yake ijae tena. Lakini kuna njia nyepesi, nunua kwake kwanza. Ulikuwa unahitaji mishale? Funguo za vijiti za kufungulia makufuli? Chukua kwake, ile hela uliyomlipa inaingia kwenye sanduku lake, halafu ndo unamuuzia mfupa. Unabadilishana mali kwa mali na hakuna aliyelala nje.

HAMISI: Na uangalie nani unamuuzia, mfua vyuma hachukui dawa zako na muuza dawa hachukui deraya. Kabla hujaokota kitu pangoni gawanya kichwani thamani kwa uzito, pete na vito ni vyepesi vina hela, deraya ya chuma iache ioze.

NEEMA: Na sevu kabla ya kununua kitu cha bei, ukijaribu ukaona hakifai unarudi nyuma. Hiyo inasaidia na kwenye mambo ya LUKU pia, maana umeme hauna adabu.

HAMISI: Ila siyo Elden Ring. Ile inajisevu yenyewe, ukishalipa umelipa. Na ile ya 2022 ndo ngumu kuliko zote kwenye hela kwa sababu hela na levo ni kitu kimoja, zile runi unazonunulia mshale ndo hizohizo za kupandia nguvu, halafu ukifa zinabaki chini pale ulipofia, ukifa tena kabla hujaziokota zimeenda. Sasa mtu anabeba mfuko umejaa anaingia kwa bosi, yule adui mkubwa, hajui hata anapigaje, wa nini? Kabla ya ule ukungu wa mlangoni kwake tumia, panda levo au nunua, ingia bila runi mfukoni.

NEEMA: Kuna kijana wa UDOM ameuliza hilohilo, yupo mwanzoni kabisa pale kwa yule mchuuzi wa kanisa bovu, ana runi kama 500, anunue nini.

HAMISI: Kifurushi cha ufundi, 300. Hicho kinakufanya utengeneze vitu mwenyewe kwa majani na mifupa unayookota bure njiani, kinajilipa.

NEEMA: Inabaki 200, na tochi ni 200. Achukue.

HAMISI: Tochi? Apande levo.

NEEMA: Kwa 200 hapandi levo yoyote huyo, na mapango yale ya mwanzo mengine huoni hata mkono wako, utapigwa na kitu hujui kimetokea wapi.

HAMISI: ...Sawa, tochi.

NEEMA: Andika hiyo, Hamisi kakubali. Leta hizo zabibu huku.