Bakapu Inaamka kwa Jina la Nani?

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmetoka Nasser Road, kwenye maduka ya uchapaji ya Kampala, moja kwa moja, wino bado uko vidoleni. Karibuni. Na ninyi wa SACCO mlioketi nyuma, Kiswahili changu kikienda mbio, nipigieni kelele nipunguze mwendo.

Ukisakinisha programu ya bakapu, yaani ya kuweka nakala za akiba za mafaili yako, mara nyingi hufika mahali ikakuuliza: niwekwe kwa watumiaji wote wa kompyuta hii, au kwako peke yako? Wengi tunabonyeza lile jibu lisilodai nywila ya msimamizi. Kwa programu ya kusikiliza muziki, hakuna ubaya. Kwa bakapu, jibu hilo linaweza kuamua kama siku ya msiba utakuwa na kitu cha kurudisha au hutakuwa nacho.

Kwenye Windows, ukisema "wote", programu kwa kawaida inakwenda kukaa Program Files. Ukisema "mimi tu", inaingia AppData, ndani ya folda yako. Kwenye Linux ni /usr au /usr/local kwa wote, na .local ndani ya folda yako kwa wewe peke yako. Sasa hapo ndipo watu wanapoteleza. Mahali programu inapokaa ni jambo moja, na mamlaka inayofanya nayo kazi ni jambo jingine kabisa. Unaweza kuisakinisha kwa wote, kila karani akaiona kwenye menyu yake, lakini ikawa inaamka kwa jina la yule aliyeingia wakati huo, inanakili mafaili yake, basi. Wenzake wanaona alama ya programu kwenye skrini na kudhani wamelindwa. Kwa hiyo mimi sikuulizi umeiweka wapi. Nakuuliza inaamka lini, na kwa jina la nani.

Chukueni mfano wa umeme, maana huo tunaujua. Umeweka ratiba saa nane usiku, kwa sababu intaneti ya usiku ina nafuu. Saa saba umeme unakatika. Unarudi, kompyuta imepangwa ijiwashe yenyewe, inawaka, inasimama kwenye skrini ya kuomba nywila. Hakuna aliyeingia. Programu inayomtegemea mtumiaji haiamki mpaka karani afike asubuhi, na akifika anataka kuchapa risiti, si kungoja bakapu. Ile inayoendeshwa kama huduma ya mfumo huanza pamoja na Windows yenyewe, mtu awepo asiwepo.

Halafu kuna mafaili yaliyofunguliwa. Sanduku la barua za Outlook, faili lile la PST, likiwa wazi mara nyingi halinakiliki hivi hivi. Windows ina njia ya kupiga nakala kivuli ya diski nzima kwa wakati mmoja, iitwayo VSS, ili programu ya bakapu isome kutoka kwenye kivuli. Kuiomba nakala hiyo kunahitaji haki za msimamizi. Programu yenye mamlaka yako ya kawaida italiruka faili, itaandika onyo kwenye kumbukumbu ambazo hakuna anayezisoma, na kuendelea. Kama hesabu za wanachama ziko kwenye hifadhidata inayofanya kazi mchana kutwa, mimi sioni nafasi ya mjadala: iwe ya mfumo.

Ila msidhani ya mfumo haina vituko. Huduma ikiendeshwa kwa akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, haiioni ile diski ya mtandao uliyoiita Z, kwa sababu Z uliiunganisha wewe, kwa jina lako. Itabidi uiandikie anwani kamili ya seva na uipe ruhusa ya kuingia. Programu ya bakapu iitwayo Duplicati, katika matoleo yake ya zamani, ikiendeshwa kwa akaunti hiyo ilikuwa ikiweka mipangilio yake ndani kabisa ya folda ya Windows, mahali ambapo sasisho kubwa la Windows lingeweza kuifuta. Na bando! Ukisema inakili folda za watumiaji wote, itabeba na filamu za kijana wa mapokezi. Tena itabeba barua za siri na vyeti vya hospitali vya watu, na Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Anayeshika nywila ya bakapu ya mfumo anashika siri za ofisi nzima. Mchagueni kwa makini kama mnavyomchagua mweka hazina.

Kwa wanaotumia Linux kuna njia ya katikati ninayoipenda. Programu ya bakapu iitwayo Restic ni faili moja tu, haina mlolongo wa kusakinisha. Unaifungulia akaunti yake yenyewe, kisha faili hilo unalipa uwezo mmoja, CAP_DAC_READ_SEARCH, wa kusoma mafaili yote bila kuwa root, yaani msimamizi mkuu wa Linux. Hakikisha tu kwamba akaunti hiyo pekee ndiyo inayoweza kuliendesha, la sivyo umewapa wote ufunguo.

Ndiyo, mama, uliza. … Anasema kompyuta ni ya shule, nywila ya msimamizi hawampi. Basi weka kwako peke yako, wala usione haya. Kazi yako yote iwe ndani ya folda yako, usiisambaze kwenye diski D. Nywila ya bakapu iandike kwenye karatasi uiweke nyumbani, kwa sababu siku ukihamishwa wataifuta akaunti yako, na mipangilio itakwenda nayo. Na kabla ya siku hiyo, nenda kwenye kompyuta nyingine kabisa, ya jirani au ya binti yako, ujaribu kurudisha faili moja. Likifunguka, uko salama. Lisipofunguka, njoo Jumamosi tukae tuliangalie.