Kabla ya Kusamehe, Hesabu: Mhadhara wa Ujiji Kuhusu Haki na Huruma

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, mikeka ipo.

Swali la leo limeletwa na vijana wenyewe: kama haki na huruma zimebuniwa na watu, kwa nini tuziamini? Naliheshimu swali hili. Anayeliuliza ameona mwenye kisu kikali akila nyama, tena mbele ya macho ya watu, akaona kwamba haki ni neno la kuwatuliza wasio na kisu.

Tuanzie mwaloni Kibirizi, pale wanapouzia samaki hapa Kigoma. Dagaa wakipimwa pale, kinachoamua bei ni kilo. Sasa niambieni, kilo inavuliwa wapi? Ni mapatano ya watu. Tangu 1889 kilo ilikuwa kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Baadaye ikaonekana kipande kile na nakala zake vinapishana kidogo mno, na kuanzia tarehe 20 Mei 2019 wataalamu wakaiwekea kilo maana mpya isiyotegemea kipande chochote cha chuma. Kwa hiyo kilo ilibuniwa na watu, ikakosewa na watu, ikarekebishwa na watu. Hata hivyo mama muuza dagaa akipunjwa gramu 200 hasemi, "Haidhuru, kilo ni ya kubuni tu." Anapaza sauti, na soko zima linamwelewa. Anayelia kwamba haki haipo kwa sababu amedhulumiwa amekwisha kuishika mizani mkononi. Bila kipimo angejuaje kuwa amepunjwa?

Mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, David Hume, aliitazama haki hivyo hivyo: imetengenezwa na watu kwa mapatano. Mfano wake, mtu wa ziwani hahitaji kufafanuliwa. Watu wawili wanapiga makasia katika mtumbwi mmoja. Hawakuapa wala kuandikiana, lakini kila mmoja anavuta kwa sababu anaamini mwenzake atavuta. Mmoja akiacha kuamini, anaacha kuvuta. Na mwenzake akiona hivyo, naye analegeza. Mtumbwi unaanza kuzunguka palepale. Hakuna aliyetoboa kitu, mbao ni zilezile. Kilichoondoka ni imani. Ndiyo sababu natumia neno imani, wala siogopi kulitumia.

Wapo watakaosema haki ni ya Mwenyezi Mungu. Sibishani nao. Lakini idadi ya wajumbe wa baraza la kata na siku za kusikiliza shauri zimeandikwa na binadamu, na ndiko tunakoharibu.

Mtu atauliza: huruma si ya asili? Kiasi, ndiyo. Hapo kaskazini yetu, hifadhini Gombe, ambako Mwingereza Jane Goodall alianza utafiti wa sokwe mwaka 1960, sokwe wameonekana wakibembelezana baada ya ugomvi na kugawana nyama. Lakini kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwawinda wenzao wa Kahama, ambao awali walikuwa kundi moja nao. Mwisho wake madume wazima wote wa Kahama waliuawa au walitoweka. Wale hawakuwa wageni. Walikuwa wamechanana manyoya miaka mingi. Huruma ya asili inafika ilipo jamaa, na jamaa akihama kundi, inakatika. Ya kumfikia mgeni lazima ijengwe, na mkoa huu unajua kuijenga: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea watu waliokimbia vita tangu 1996, na waliopokelewa hawakuulizwa kwanza ni wa ukoo gani.

Na tusisahau tumekaa wapi. Ujiji na Tabora vilikuwa vituo vya misafara ya kwenda Bagamoyo, na ndani ya misafara ile walikuwamo watu wa kuuzwa. Wakati ule kumnunua mtu ilikuwa biashara yenye bei yake. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hakuna mti wala jiwe lililobadilika katika njia ile. Yaliyobadilika ni yale ambayo watu walikubali kuyaamini kuhusu binadamu mwenzao. Leo Katiba yetu, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Mizani hiyo inahitaji kukaguliwa kila mara, kama ile ya sokoni.

Sasa tushuke kwenye kata, maana huko ndiko imani inakoponea au kufia. Baraza la kata lina wajumbe 4 hadi 8, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, katika mgogoro wa ardhi baraza linasuluhisha tu, haliamui. Lina siku 30. Likishindwa, linatoa cheti, na mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila cheti. Wengi hawalijui hili, wanazungushwa miezi.

Panapoharibika ni padogo. Mjumbe anamsikiliza upande mmoja nyumbani kwake jioni, kabla ya kikao. Mpaka unajadiliwa chini ya mwembe badala ya kwenda kuukanyaga pamoja na majirani wa pande zote. Muhtasari unaandikwa wiki moja baadaye, kwa kukumbuka. Kila kimoja peke yake kinaonekana kidogo, lakini aliyeshindwa anaondoka akisema "walishapanga", na jirani yake aliyesikia hataleta shauri tena, atanoa panga.

Kosa kubwa kuliko yote ni huruma inayotangulia hesabu. Tuseme ng'ombe wameingia shambani na kula mahindi. Mwenyekiti, kwa moyo mwema kabisa, anasema, "Sameheaneni, ninyi ni ndugu." Amesamehe kwa mali ya nani? Mwenye kusamehe ni aliyeliwa mahindi, hakuna mwingine. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi tumezoea kumnyonga na kumnyima.

Basi nendeni shambani, pimeni eneo kwa hatua, kadirieni mavuno kwa kulinganisha na sehemu isiyoguswa, mkubaliane: tuseme magunia matatu. Liandikwe, tatu. Hapo ndipo mkulima aulizwe, mbele ya watu, kama anapunguza. Akisema, "Nasamehe moja," andikeni: deni matatu, limesamehewa moja, yalipwe mawili, tarehe fulani. Hata msamaha wa Rais, katika ibara ya 45, ni kwa aliyekwisha kupatikana na hatia mahakamani, hukumu kwanza.

Msiandike "magunia mawili" peke yake. Lile gunia la tatu lionekane kwenye karatasi. Lisomwe kwa sauti, asiyejua kusoma aweke dole gumba baada ya kusikia, na nakala ziwe tatu. Mfugaji abaki na yake nyumbani, ili siku mbuzi wa mkulima yule wakivuka mpaka, aitoe aisome kabla hajafungua kinywa.