Plamsi za Lushoto Zimetuvurugia Ratiba

CHANDE: Karibuni tena. Wiki iliyopita tuliahidi Lushoto: usafiri, pa kulala, na kutembea msitu wa Magamba. Da Zubeda anakwenda na familia nzima mwezi Juni, na mimi nimekuja na karatasi yangu. Ila tangu aingie hapa naona ana jambo.

ZUBEDA: Ninalo. Kaka Chande, safari si ya Juni tena.

CHANDE: Haa! Tangu lini?

ZUBEDA: Tangu Jumanne. Uani kwetu mnakujua, neno likidondoka halifiki chini. Nilikuwa nafua, nikasema tu kwamba tunapanda Lushoto. Kabla sijaanika nguo, huyu kaagiza kabichi, huyu karoti, yule peasi. Hayo niliyachukua kawaida. Usiku nikasikia hodi. Bibi wa chumba cha mwisho. Kafungua pindo la khanga, katoa pesa, ananiambia, "Mwanangu, niletee plamsi. Marehemu mzee alikuwa akiniletea kila akipita Mombo."

CHANDE: Ukazipokea?

ZUBEDA: Ningezikataaje?

CHANDE: Dada yangu, Juni Lushoto hupati plamsi.

ZUBEDA: Ndiyo maana nakwambia safari si ya Juni.

CHANDE: Loh. Wasikilizaji, mnajua nimekulia kwa mjomba, pale Soni, mji mdogo njiani kupanda Lushoto, kwa hiyo hili nalisema kwa uhakika. Plamsi zinaanza kuja mwisho wa mwaka, Januari ndiyo zimejaa hasa, Februari bado unazipata. Juni utakuta kabichi, karoti, viazi, na baridi. Baridi ya kweli. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti watu wanalala na mablanketi mawili.

ZUBEDA: Basi Januari. Na tenga langu nimeshalipata.

CHANDE: Tenga?

ZUBEDA: Tenga. La mianzi. Utabebea nini plamsi, mfuko wa plastiki?

CHANDE: Hapo umesema kweli. Plamsi ukizitia kwenye mfuko zinafika Dar maji. Unachagua zilizoanza kubadilika rangi lakini bado ngumu, unatandika majani ya mgomba chini na pembeni, unazipanga polepole, hujazi mpaka juu. Na usizinunue siku moja kabla. Unazinunua asubuhi ileile ya kuondoka.

ZUBEDA: Au nanunua Mombo wakati wa kurudi. Wanauza pale pale barabara kuu.

CHANDE: Mombo? Usinunue Mombo.

ZUBEDA: Kwa nini? Nashuka mlima mikono mitupu, nafika chini nanunua, napanda basi.

CHANDE: Zile zimeshashuka mlima jana au juzi, zimekaa juani. Kule juu kuna ubaridi, Mombo ni joto la tambarare. Tunda linatoka kwenye baridi linaingia kwenye moto, halafu bado lina safari ya Dar. Nunua Soni, pale gari linaposimama, akina mama wanakuja dirishani na beseni. Au sokoni Lushoto. Na ukinunua kule juu, pesa inakwenda kwa aliyechuma.

ZUBEDA: Sawa, Soni. Sasa tenga linakaa wapi? Maana Noah ya kutoka Lushoto mpaka Mombo inajaza watu mpaka mlango haufungi.

CHANDE: Panda basi la moja kwa moja Lushoto–Dar. Yapo, yanaondoka alfajiri. Tenga linaingia buti.

ZUBEDA: Buti, juu yake waweke gunia la viazi? Hapana. Nalipakata.

CHANDE: Utapakata tenga kuanzia Lushoto mpaka Dar? Na mtoto je?

ZUBEDA: Mtoto atapakatwa na baba yake.

CHANDE: (anacheka) Na zile kona! Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na karibu zote ni kona. Mlima upande huu, korongo upande ule, mto unausikia chini. Ukipita Soni maporomoko ya maji yapo kando ya barabara. Tenga likikuziba, hata hayo hutayaona.

ZUBEDA: Nitayaona wakati wa kupanda.

CHANDE: Sasa ngoja niseme langu, na nalisema kwa kukupenda. Unapeleka watoto wako kuona milima kwa mara ya kwanza. Pale Irente unasimama kwenye mwamba, ardhi inakatika mbele yako, chini kabisa unaona Mombo, Mazinde, mashamba ya mkonge, na nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Mtu anahitaji kukaa pale bila haraka. Wewe tangu umeingia hapa unaongelea tenga. Agizo la mtu mmoja limekuhamishia safari miezi saba mbele.

ZUBEDA: Irente hiyo hiyo Juni inazibwa na ukungu. Umeniambia mwenyewe.

CHANDE: Ukungu wa asubuhi. Saa tano, saa sita unafunguka, mara nyingi.

ZUBEDA: Mara nyingi.

CHANDE: Na mwisho wa mwaka kuna vuli. Mvua ikiwa kubwa, mawe na udongo vinashuka barabarani kule kwenye kona. Halafu Desemba mabasi ya barabara ile yote yamejaa watu wanaokwenda Moshi na Arusha kwa sikukuu. Siti utaitoa wapi?

ZUBEDA: Ndiyo nasema Januari mwanzoni. Wao wanarudi, mimi napanda. Shule bado hazijafunguliwa.

CHANDE: Na kurudi utarudi nao.

ZUBEDA: Chande, nikuulize. Yule bibi magoti hayamruhusu kupanda basi. Hatakwenda Lushoto tena, anajua na mimi najua. Pesa ile aliyoifungua kwenye khanga si ya matunda tu. Amenituma niende na kwa niaba yake. Nikirudi na kabichi nimwambie hazikuwa msimu?

CHANDE: Mwambie ukweli kabla hujaondoka. Mrudishie pesa, mwambie Januari nitamwagizia mtu, mimi mwenyewe nitampigia binamu yangu Soni. Plamsi zinafika bila wewe kuhama mwezi.

ZUBEDA: Amenituma mimi.

CHANDE: Amekutuma matunda.

ZUBEDA: Hapana. Kwetu mtu akisafiri, nyumba nzima inasafiri naye. Anayerudi mikono mitupu kana kwamba hakuwaaga watu, mimi hiyo siiiti safari.

CHANDE: Na mimi naamini mtu ana haki ya kwenda mahali akapumzika. Mama yangu kila akienda kwao Soni alikwenda na orodha ya mtaa mzima. Siku zote alikuwa sokoni. Kaburi la baba yake alilitembelea jioni ya mwisho, giza linaingia. Hilo nililiona nikiwa mtoto, na sitaki likupate.

ZUBEDA: Pole kwa hilo. Lakini huenda yeye alilipenda lile soko.

CHANDE: Hukumwona alivyochoka.

ZUBEDA: Na wewe hukumwona bibi Jumanne usiku.

CHANDE: ...Sawa.

ZUBEDA: Sawa ya kukubali?

CHANDE: Hapana. Sawa ya kunyamaza. Juni, dada. Juni.

ZUBEDA: Januari.

CHANDE: Fundi ananionyesha dakika mbili. Jamani, karatasi yangu! Nilitaka kuwaeleza jinsi reli ya Wajerumani ilivyofika Mombo mwaka 1905, na Lushoto walivyoiita Wilhelmstal. Nilitaka kuzungumzia Mtae, kule mwisho wa mlima, kwamba msiende na kurudi siku moja...

ZUBEDA: Na nyumba za wageni hatujagusa.

CHANDE: Wala bei. Basi niseme Magamba haraka haraka. Ule ni msitu wa hifadhi, mna mbega mle ndani, vinyonga wa pembe, miti mirefu ajabu. Usiingie kienyeji. Lipia kwanza kiingilio, chukua mwongozaji, vaa viatu vinavyoshika, maana njia inateleza hata siku ya jua. Na mkiwa na watoto, ombeni ile njia fupi, msikubali...

ZUBEDA: Muda, Chande.

CHANDE: Msikubali kuanza saa nane mchana, ukungu unarudi jioni!

ZUBEDA: Hata Juni?

CHANDE: Hasa Ju... Zima, fundi, zima.