Sataranji haina mgonjwa

Wakubwa shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na mwenyekiti ameshaiweka saa mezani mbele yangu. Kwa hiyo habari za India na Uajemi, na jinsi mchezo huu ulivyosafiri hadi kutufikia, leo tuziache. Mnazijua.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa darasa langu la Jumamosi aliniuliza: "Mwalimu, kungekuwa na kidonge, unakimeza usiku, asubuhi unaamka bingwa wa dunia wa sataranji, ungekimeza?" Kabla sijafungua kinywa, darasa zima lilikuwa limenyoosha mikono. Wanakitaka. Hata mzazi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri mwanawe, naye mkono juu!

Mimi sikitaki. Nimelisema hili kwenye vikao vya wazazi, nimelisema barazani, na nitalisema tena leo, kwa sababu naona tunawaharibia watoto kitu ambacho hatuwezi kuwarudishia.

Nitawasimulia habari ya binti mmoja. Baadhi yenu mmeshanisikia nikiisimulia, nivumilieni. Alikuwa na miaka kumi. Akikaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Jumamosi tatu mfululizo alifungwa na mvulana mmoja aliyemzidi miaka minne, na kila akifungwa anapanga kete upya bila kusema neno. Jumamosi ya nne nikapita nyuma yake, nikatazama ubao, nikasimama palepale.

Mfalme mweusi alikuwa kajibanza kwenye kona. Mbele yake askari wake wawili, mmoja moja kwa moja na mwingine kimshazari, hawajasogea tangu mchezo uanze. Farasi wa binti yuko karibu, na malkia wake yuko mbali, anatazama ile kona kimshazari. Mimi nililiona jibu mara moja, kwa sababu nililijua. Binti hakulijua. Alimgusa farasi, akaurudisha mkono. Akaukalia ule mkono, kabisa, kama mtu anayemfungia mbwa asitoke. Dakika zikapita. Miguu iliyokuwa ikining'inia na kubembea ikatulia.

Kisha akamchukua malkia, akampeleka hadi akagusana na mfalme wa mwenzake. Mvulana akacheka: "Umempoteza malkia!" Mfalme hawezi kumla, maana farasi anamlinda. Anayeweza kumla ni ngome tu, na hana njia nyingine. Ngome ikamla. Sasa tazameni: mfalme kazibwa na watu wake mwenyewe. Ubavuni ngome yake, mbele askari wake. Hana hata nyumba moja ya kukimbilia. Binti akamrusha farasi mara moja tu, akamtishia mfalme asiye na pa kwenda, na mchezo ukaisha.

Hakushangilia. Alikaa kimya akiutazama ubao, mdomo wazi, kama aliyekuwa akiogopa kwamba akipepesa macho kete zitarudi zilikokuwa. Mwalimu mwenzangu pembeni alitaka kumwambia, "Hiyo inajulikana, ina jina kabisa." Nikamshika mkono nikambana. Ndiyo, inajulikana! Imo katika kitabu cha Mhispania Luis Ramírez de Lucena, cha mwaka 1497. Ina miaka zaidi ya 500. Lakini siku ile, kwenye benchi lile, ilikuwa mali ya yule binti, na hakuna aliyempa.

Sasa nauliza. Angekuwa amemeza kidonge chenu usiku wa Ijumaa, angeshinda? Angeshinda kwa hatua kumi. Kimya kile je, angekipata wapi? Jambo moja unaligundua mara moja tu maishani. Ukishalijua, huwezi kulisahau makusudi ili uligundue tena. Kidonge kingemnyang'anya magunduzi yote hayo kwa usiku mmoja, maelfu kwa maelfu, naye amelala.

Kuna mtu atasema, na huwa wanasema: "Mwalimu, bingwa naye hujifunza. Kidonge kitampandisha ghorofa ya juu, ataendelea kugundua hukohuko." Nakubali nusu. Mabingwa wanajifunza mpaka wanazeeka. Lakini huyu wetu wa kidonge anaanzia pagumu: kilichobaki kwake ni vitu vidogo mno, vya nadra mno, ambavyo wenzake wanavitafuta miezi mingi. Na hajazoea kutafuta. Hajawahi kufungwa Jumamosi tatu akapanga kete upya. Mnadhani atavumilia?

Halafu yuko anayenikasirisha kidogo, anayesema: "Basi na daktari naye asimeze kidonge cha udaktari? Asome miaka mingi kwa sababu ya furaha tu?" Hapana! Daktari akimeze leo, sasa hivi, hata maji asisubiri. Maana kuna mama amelala wodini, na yeye hajali daktari alijifunza vipi, anataka kupona. Sataranji haina mgonjwa. Hakuna mtu duniani anayeumwa hadi mfalme mweusi afungwe. Zile nyumba 64 tulizichora sisi, tukajiwekea masharti, farasi aende hivi, askari asirudi nyuma, ili tu tupate cha kuhangaika nacho. Ukiondoa kuhangaika, umebaki na vipande vya mbao.

Na kidonge chenyewe msidhani ni hadithi. Mnacho mifukoni. Programu ya bure kwenye simu leo inamfunga bingwa wa dunia bila shida. Mtoto anacheza na mwenzake aliye mbali, anaichungulia programu, inamwambia hatua, anasogeza. Anashinda. Hao ninawajua, nimewapoteza kadhaa. Anakuja na ushindi wake, macho hayana kitu, na baada ya miezi mitatu simuoni tena. Wale wanaofungwa wakanuna wakarudi, hao ndio ninao mpaka leo.

Kuna mzazi aliniambia, "Wewe mpe tu zile siri." Mama yangu, siri gani? Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lao: wachezaji wanaonyeshwa ubao kwa sekunde tano, kisha wanaambiwa waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa akapatia kete kama 16, mwanagenzi kama 4. Kisha zikapangwa ovyo, bila mpangilio wa mchezo wowote, na bingwa akaporomoka hadi karibu sawa na mwanagenzi. Kwa hiyo hakuwa na akili ya ajabu ya kukariri. Alikuwa na macho yaliyozoeshwa na michezo aliyoicheza. Siri ni hizo Jumamosi.

Hata mashine haikurukishwa darasa. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza AlphaZero, programu iliyopewa kanuni za mchezo tu, na kwa saa nne ikaipita programu kali ya Stockfish. Watu wakapiga kelele: saa nne! Hawakuuliza ndani ya mafunzo yake ilicheza mara ngapi. Ilicheza na nafsi yake michezo milioni 44, na katika mingi ya hiyo ilijifunga yenyewe.

Naona mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Nilitaka kuzungumzia drafti: mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kuwa ile drafti ya Waingereza, pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Jibu limeshapatikana, na bado wazee wako vijiweni na vizibo vyao vya soda. Na bao letu nalo nilikuwa nimeliandalia maelezo. Wahenga walitenga bao la kujifunza, la wanaoanza, na bao la Kiswahili, lenyewe kamili. Mtoto anaanza na kete mbili mbili kila shimo, hajui nyumba, lile shimo kuu la bao, wala kunamua, yaani kuingiza kete za akiba, na hakuna anayemcheka. Hilo linataka siku yake. Leo muda umekwisha.

Pale nyuma, karibu na mlango, nimepanga ubao mmoja. Weupe wanaanza, wanashinda kwa hatua tatu. Jibu simwambii mtu, hata mwenyekiti. Watoto wapite mbele, watu wazima nyuma yao, na simu zibaki mifukoni. Nitakuwapo hadi saa kumi na mbili.