Kusoma Biashara Jioni, Kichwa Kikiwa Kimejaa Kazi

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nianze na uchovu, maana ndilo swali la kwanza kwa kila anayesikia unasoma chuo usiku. Nitalimaliza upesi. Uchovu upo. Unakaa kwenye dawati mawazo bado yako kazini, na mwalimu naye mara nyingi ametoka kazini kama wewe. Dawa ninayoijua ni kuandika kwa mkono kipindi kizima, hata pale usipoelewa. Mkono ukitembea, macho hayafumbi. Basi.

Linalotusumbua zaidi sisi watu wazima ni uzoefu wetu. Tunaingia darasani tukijua kununua, kuuza na kudai, kisha mwalimu anafungua somo la uhasibu kwa debiti na krediti, yaani pande mbili za kuandikia kila muamala, na moyoni unajiuliza: haya yote ya nini? Hapo hunisaidia kukumbuka kwamba mwaka 1494, huko Venice, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha kitabu chenye sehemu inayoeleza namna ya kuandika kila muamala mara mbili. Hakuibuni yeye. Wafanyabiashara walikuwa wakiitumia zamani. Yeye aliipanga na kuieleza. Kwa hiyo leja, yaani kitabu cha hesabu, haikushuka kutoka chuoni kuja sokoni. Ilitoka sokoni.

Lakini uzoefu huo huo hudanganya, na nitawaonyesha kwa hesabu ndogo iliyonikosesha usingizi. Tuseme gharama zako za kudumu kwa mwezi, yaani pango, mishahara na mengineyo, ni 2,400. Bidhaa moja unaiuza kwa 20, na kuipata kunakugharimu 12. Kila moja inakuachia 8 za kulipia zile gharama za kudumu. Gawanya 2,400 kwa 8: lazima uuze 300 ndipo gharama zirudi, bila faida wala hasara. Sasa mteja anaomba umpunguzie asilimia 10 tu, nawe kwa ukarimu unaamua bei mpya iwe ya wote. Bei inakuwa 18, kinachobaki ni 6. Gawanya tena. Unatakiwa kuuza 400! Umepunguza bei kwa sehemu moja ya kumi, na mauzo yanatakiwa yapande kwa theluthi. Mtu anaweza kuuza miaka mingi, akaona duka limejaa wateja, asijue pesa inavujia wapi.

Masomo mengine hayakunigusa hivyo. Masoko, kwa mfano, bado hufundishwa kwa vichwa vinne alivyoviweka Mmarekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali na utangazaji. Vinafaa kujibia mtihani. Ila mimi naona vimenyooka kupita kiasi. Mteja halisi hajigawi vipande vinne.

Nikishauri jambo moja, ni hili: njoo darasani na namba zako mwenyewe. Ukifundishwa uchakavu wa mali, yaani thamani yake inavyopungua kadiri inavyotumika, fanya hesabu ya mashine unayoitumia kila siku. Ukifundishwa mizania, jaribu kuandika ya kwako, mali upande huu, madeni na mtaji upande ule, uone kama inalingana. Ya kwanza hailingani, msishtuke.

Na kazi za vikundi msizikimbie, hata mkipangwa na vijana wa umri wa watoto wenu. Katika kikundi chetu kulikuwa na kijana hodari sana wa majedwali ya kompyuta. Tulipewa zoezi la kutabiri mtiririko wa fedha wa kampuni ya kubuni. Akajaza kila ankara katika mwezi ambao mauzo yamefanyika, na jedwali likapendeza: faida mwanzo mpaka mwisho. Nikamwomba aongeze safu nyingine, ya siku ambayo wateja huleta pesa kweli. Tukaweka siku 60 kwa wateja, na 30 kwa msambazaji anayetudai. Kufikia mwezi wa pili kampuni yetu ilikuwa na faida nzuri kwenye karatasi, na benki haikuwa na hata senti ya kulipa mishahara. Kijana akalitazama lile jedwali, akaniuliza, "Sasa mzee, watu huwa wanafanyaje?" Tukabaki darasani mpaka mlinzi alipokuja kuzima taa.

Karibuni kwa maswali.